Kichujio Nilichokiweka Juu ya Jina Lako

Aika mwanangu,

Mmeondoka na mama yako saa nane kwenda Rhotia kumuaga bibi yako, na bibi yako hajawahi kumruhusu mtu atoke kwake kabla hajamlisha mara mbili. Kwa hiyo nina saa tatu, pengine nne. Nimefunga ofisi mapema, nimekaa sebuleni na daftari. Sikutaka kuandika kwenye kompyuta kwa sababu huko nina tabia ya kufuta.

Mambo ya sweta, ya kupiga simu ukivuka mpaka, ya kutomwonyesha kila mtu unakoweka pasipoti, hayo mama yako atakuambia, na akimaliza atayarudia. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni baya.

Nimekuonea wivu. Nimeliandika mapema ili nisilizunguke mpaka karatasi iishe. Si ule wivu wa utani, wa mzee anayesema "kijana ananipita" huku anacheka na kujipigapiga kifua. Ni wivu wenyewe, ule unaomfanya mtu alale na hasira na aamke nayo, na nimeishi nao karibu miaka mitatu, tangu ulipomaliza chuo Arusha ukarudi kufanya kazi na mimi. Watu husema mzazi hamwonei mwanawe wivu, kwamba mtoto akipanda mzazi naye amepanda. Wanaosema hivyo ama hawajapata mtoto anayefanya kazi ileile yao, ama ni waongo.

Kabla yako, Karatu hii ilikuwa na mtu mmoja wa tovuti, na mtu huyo nilikuwa mimi. Sikusomea. Nilitoka Kilimanjaro kuja kutafuta kazi ya hotelini, nikawekwa kwenye redio, kutoka redio nikasogea kwenye kompyuta ya mapokezi, na kila kitu nilichokijua nilikipata kwa kuharibu kwanza. Loji ikipata shida ya tovuti, walinipigia mimi. Nilikuwa napita stendi watu wananiita "Mzee wa Seva", na mimi najifanya sipendi.

Ukarudi wewe. Mwezi wa kwanza uliniuliza maswali. Mwezi wa pili ulinyamaza, na nilifikiri umechoka, kumbe ulikuwa umeshayamaliza. Mwezi wa nne alikuja yule mwenye loji ya juu, kwenye ukingo wa kreta, akasimama mlangoni na koti lake la mvua akinitazama mimi niliyekuwa pale mezani peke yangu.

"Baba Aika, Aika yupo?"

"Ametoka kidogo. Niambie mimi."

"Hapana, mzee wangu, nitamsubiri. Ni jambo la kitaalamu kidogo."

Akakaa. Akasubiri dakika arobaini, tukazungumzia bei ya mahindi. Nimeitwa Baba Aika tangu siku uliyozaliwa na nilikuwa nalipenda jina hilo kuliko langu la ubatizo. Siku ile ndipo liliponichoma mara ya kwanza. Niliona kama nimegeuka kuwa anwani tu ya kukupatia wewe.

Kazi aliyokuletea ndiyo ile tovuti mpya ya loji yake. Ulikaa nayo miezi miwili. Sitaki kukusifu hapa, maana sifa zangu sasa hazina uzito, lakini ukweli ni kwamba sijapata kuona kazi ya namna ile ikitoka Karatu. Na chini ya kila ukurasa uliandika kwa herufi ndogo: Imetengenezwa na Aikande Elifuraha, Karatu. Ulinionyesha. Ulisema, "Baba, si umeona? Na wewe umo."

Nilikuwemo kweli. Nilikuwemo kwa sababu kwetu mtoto huandikwa jina lake na kisha la baba yake. Nilikaa nikiyatazama majina mawili yale, la kwanza na la pili, nikaona kwamba kuondoa neno moja tu kunatosha.

Unakumbuka nilivyokufundisha vichujio? Ulikuwa kidato cha pili, tumetoka kubeba matofali ya jengo la usharika. Watu walikuwa wamejipanga mstari kutoka barabarani mpaka kwenye msingi, kila mmoja anapokea tofali kwa mwenzake na kulipitisha, na njiani kuna anayefuta udongo, kuna anayelichovya majini, kuna anayelipanga. Nikakuambia ukurasa nao hutoka kwenye seva hivyohivyo. Hautoki mzima. Unakatwa vipande, na kila kipande kinapita kwa kichujio cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu. Huyu anaongeza kichwa cha ukurasa, huyu anabadilisha maneno aliyoagizwa kuyabadilisha, huyu wa mwisho anabana kila kitu kiwe kidogo ili kisafiri upesi kwenye mtandao wetu huu wa kusuasua. Hakuna hata mmoja wao anayeuona ukurasa wote. Na faili lenyewe, lile ulilolihifadhi, haliguswi hata herufi.

Ukaniuliza, "Kwa hiyo aliyeandika hawezi kujua kilichofika kwa watu?"

Nikakujibu, "Anaweza, akienda kusimama nje kama mgeni akatazame."

Ulikuwa na miaka kumi na tano. Nilijiona mwalimu kweli.

Basi nikaandika kichujio. Kifupi, mistari kama thelathini. Kazi yake ilikuwa kupokea kila kipande cha ukurasa kinachotoka, kutafuta "Aikande Elifuraha", na kupitisha "Elifuraha" peke yake. Jina langu lilibaki pale limekaa kama mwenyeji. Nilijiambia sijaandika uongo wowote, nimepunguza tu. Ukitaka kujua mtu anavyojidanganya, mtazame anavyochagua maneno.

Na hakikufanya kazi! Siku tatu nilihangaika. Nilikuwa nafungua tovuti kwa simu yangu nikiwa nimejificha nyuma ya duka la vifaa vya ofisi kama mtu anayevuta sigara kwa siri, na kila nikifungua nakukuta upo palepale, Aikande, mzima wa afya. Siku ya nne nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka hadi leo masikio yanawaka. Nilikuuliza wewe. Ulikuwa unakula mahindi ya kuchoma, miguu juu ya boksi la karatasi.

"Aika, ukitaka kubadilisha neno kwenye ukurasa unaotoka, kichujio kipo, hakuna kosa, lakini neno halibadiliki. Tatizo linaweza kuwa nini?"

Hukuacha hata kutafuna. "Umekiweka baada ya kubana, Baba. Ukurasa ukishabanwa, kichujio hakioni maneno tena, kinaona takataka tu. Kihamishe kikae kabla."

"Aa. Kweli."

"Cha tovuti ya nani?"

"Ya mteja mmoja wa Mang'ola. Si mtu rahisi hata kidogo huyo, ananisumbua."

Ukacheka. Nikakihamisha, kikafanya kazi mara ya kwanza. Kwa hiyo ni wewe uliyemwonyesha mwizi wako mahali pa kusimama. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na nguo yenyewe nilikuwa mimi.

Nilikiagiza kisiguse chochote kinachoombwa kutoka ofisini kwetu. Ukifungua pale mezani, jina lako lipo. Ukifungua faili, lipo. Mtu wa Moshi, wa Nairobi, wa Ulaya akifungua, halipo. Mara moja tu ulikaribia. Ulifungua kwa simu yako, kwa bando lako, ukanijia na uso umekunjamana.

"Baba, mbona kwenye simu jina langu halionekani?"

"Hiyo ni kashe. Simu imeshika ukurasa wa zamani. Iache, kesho itakaa sawa."

Jibu lile lilikuwa la kijinga, Aika. Hakujawahi kuwepo ukurasa wa zamani wenye jina langu peke yake, na wewe ungelijua hilo kwa kufikiri nusu dakika kama lingesemwa na mtu mwingine yeyote. Hukufikiri kwa sababu lilisemwa na baba yako. Ulisema "haya" ukaenda, na hukurudi kuangalia tena.

Sikuanzia kwako. Nataka ulijue hili ili usidhani ni wewe uliyenitia ubaya. Nilipokuwa mtu wa redio kule ukingoni, kabla sijamwoa mama yako, kazi yangu ilikuwa kupokea sauti za madereva walio ndani ya kreta na kupeleka habari kwa meneja na kwa magari mengine: simba wako wapi, faru ameonekana wapi, na nani amemwona. Wageni walimpenda dereva mwenye macho, na meneja naye alikuwa anaangalia hilo hilo. Palikuwa na kijana mmoja wa Mbulu, Lazaro, mwenye macho ya ajabu. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja. Alikuwa anamwona faru kabla ukungu haujainuka vizuri, na alikuwa anaongea Kiingereza cha shule kizuri kuliko changu, na wasichana wa jikoni walikuwa wanamwekea chai. Akiita, "Lazaro hapa, faru msitu wa Lerai, upande wa maji," mimi nilikuwa napeleka, "Faru msitu wa Lerai, upande wa maji." Basi. Jina nilikuwa naliangusha njiani. Wengine nilikuwa nawataja.

Msimu ulipoisha wakapunguza madereva, na Lazaro alikuwemo. Meneja alisema hajamsikia akipata kitu. Lazaro alinikodolea macho, akaniambia, "Lakini wewe ulikuwa unanisikia kila siku." Nikamwambia labda redio ilikuwa inakwaruza. Alirudi kwao kulima. Sijamtafuta mpaka leo, na nikikutana na mtu wa Mbulu huwa nauliza habari za mvua, siulizi za watu.

Kwa hiyo unaona, nilikuwa kichujio kabla sijajua neno lenyewe. Na nilipojifunza neno nikafurahi kwamba kuna kifaa cha kuifanya kazi ninayoijua.

Sasa nifike Nairobi, maana huko ndiko unakokwenda.

Barua ya kwanza kutoka kwa Bi. Muthoni haikuja kwako mwaka huu. Ilikuja ofisini mwaka jana, masika, imeandikwa kwa Elifuraha. Alisema ameiona tovuti ya loji, kampuni yao inatengeneza na kutunza tovuti za hoteli nchi nyingi, na hajaona kazi safi namna ile kwa muda mrefu. Je, Bwana Elifuraha angependa kuzungumza nao kuhusu nafasi? Nilisoma nimesimama. Nilisoma tena nimekaa. Nafasi ile ilikuwa yako, kila herufi, na nilijua. Nikajibu kwamba ningependa sana.

Usaili ulikuwa wa video. Nilisubiri siku uliyokwenda Kansay kufunga mtandao kwenye ile shule, nikavaa suti ya kanisani, nikageuza meza ili nyuma yangu pasionekane maboksi. Mtoto wa dukani aliniuliza kama kuna msiba. Walikuwa watatu, na Bi. Muthoni ndiye aliyekuwa anaongea. Mwanamke mpole, mwenye heshima, ananiita "mzee" kila sentensi. Dakika tano za kwanza zilikuwa tamu. Nilieleza habari za Karatu, nikaeleza vichujio, seva, yote ninayoyajua. Kisha akasema, "Mzee, tuambie ile ramani ya njia za kutembea msituni. Inafunguka hata mtandao ukikatika. Uliifanyaje?"

Aika, sikuijua. Nilikuwa nimekuona ukiifanya wiki mbili, mgongo wako ukiwa kwangu, na sikuuliza kwa sababu kuuliza kungekuwa kukiri. Nikaanza kusema kitu. Nikaona wale wawili wanatazamana. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika ukutani. Nikainama kama ninayeokota kalamu, nikachomoa waya.

Nikakaa pale na suti yangu, skrini imekufa, jasho linanitoka na nje kuna baridi ya Karatu. Jioni nikawaandikia kwamba mtandao wetu huku ni mbovu. Walijibu kwa upole, wakaomba siku nyingine. Sikujibu. Wakaandika tena. Sikujibu. Ningeweza, hata siku ile, kuandika sentensi moja: aliyeifanya ni binti yangu, namba yake ni hii. Sikuiandika. Nilikuwa naona afadhali nafasi ile ipotee kuliko uipate wewe baada ya mimi kuikosa. Sentensi hiyo ndiyo inayonitia aibu kuliko zote kwenye barua hii, nimeiandika polepole ili uione vizuri.

Uliporudi kutoka Kansay ulikuta nimevaa suti ukaniuliza nimetoka wapi. Nikasema kwenye kikao cha usharika.

Miezi kama kumi ikapita, na wewe ukiwa mezani pale nyuma ya duka ukirekebisha printa za watu. Kisha mwezi wa pili mwaka huu ukaruka kutoka kwenye kiti ukipiga kelele mpaka wateja wa fotokopi wakaja kuchungulia. Bi. Muthoni alikuwa amekuandikia wewe, kwa jina lako lote. Mama yako alipika wali na kuku, nami nikasimama nikaomba sala ya shukrani. Nilisali kwa sauti nzuri. Kichwani nilikuwa na swali moja tu: jina limetokaje?

Nilikaa siku nzima kulitafuta. Lilitokea kwenye ule ukurasa mrefu wa matembezi ya msituni, ulioujaza majina ya miti na ndege. Ulipouongezea maelezo ukarefuka, na seva ilipoukata vipande, kisu kiliangukia katikati ya jina lako. Kipande kimoja kiliishia na "Aika". Kilichofuata kikaanza na "nde Elifuraha". Kichujio changu kilikuwa kinatazama kipande kimoja kimoja, na katika vipande vile viwili hakikumkuta mtu yeyote wa kumzuia. Basi nje huko vikaungana tena, ukapita mzima. Ni kosa la mwanafunzi. Kichujio kinachotafuta neno lazima kishikilie mkia wa kipande mpaka kinachofuata kifike. Wewe usingelifanya.

Ningependa kukuambia kwamba nilipoliona kosa hilo nilimshukuru Mungu. Hapana. Nilianza kulirekebisha. Nimeapa kukuambia yote, na haya nayo ni mojawapo: tayari ulikuwa umeshaandikiwa, hakukuwa na faida yoyote tena, na bado mikono yangu ilikwenda yenyewe. Nilikuwa nimebakiza mistari miwili ulipopita nyuma yangu na simu sikioni, ukiongea na Bi. Muthoni, na nikakusikia ukisema, "Elifuraha? Ni baba yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha, karibu yote niliyonayo ni yake."

Nikafunga kompyuta. Nikatoka nje nikasimama karibu na bodaboda, wakaniuliza, "Tunaenda wapi, mzee?" nikasema popote, kisha nikasema hapana, siendi.

Siku tatu baadaye nilipata ujumbe wa Bi. Muthoni kwenye simu yangu. "Mzee, nimelinganisha kurasa, nimeelewa. Sitamwambia Aikande mimi. Ni neno la baba na mwanawe. Lakini akishaanza kazi hapa sitaweza kumficha akiniuliza, na kwa ninavyomwona, atauliza." Hivyo tu. Mwanamke yule amenipa heshima ambayo sikuwa nayo.

Kwa hiyo usidhani naandika kwa ushujaa. Unaanza kazi Jumatatu. Kama ningekuwa na uhakika kwamba hutalijua kamwe, sina hakika kama daftari hili lingefunguliwa. Ninachojua ni kwamba sitaki ulisikie kwenye chumba cha watu wengine, mbele ya wageni, ulazimike kutabasamu.

Leo asubuhi nimekiondoa kichujio. Nikamwomba mama wa dukani simu yake, nikafungua ile tovuti kama mgeni. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, Aikande Elifuraha, Aikande Elifuraha. Na wivu ukanipanda tena, palepale, dukani kwa watu. Nilidhani ukishakiri unaondoka. Hauondoki, ila sasa nautambua unapoingia.

Nikampigia na mwenye loji, nikamweleza. Alicheka. "Baba Aika, lakini sisi wote tulikuwa tunajua ni kazi ya Aika. Nani Karatu hii hajui?" Hilo nalo lilinipiga. Wanaokujua hawakuhitaji kusoma jina lako. Niliwazuia wale tu ambao hawakujui, na ndio waliokuwa na mlango wa kukufungulia.

Sina haki ya kukupa mawaidha, ila machache haya nimeyalipia. Huko uendako usiridhike na kuona kazi yako ilivyo kwenye faili lako. Toka nje, azima simu ya mtu, uitazame kama mgeni. Na mtu akikupa jibu, lipime hilo jibu, usipime mapenzi yako kwake. Mimi nilikupa jibu la kashe, ukalimeza kwa sababu ya mapenzi. Na siku moja, Aika, atakuja mtu umfundishe, aanze kwa maswali kisha anyamaze. Utamwona mgongo wake na hutataka kumsogelea. Usijisingizie kwamba ni uchovu. Muulize anafanya nini. Kama ningekuuliza kuhusu ramani ile, ungenivutia kiti.

Uliponiletea kahawa jana ukaniambia usingefika popote bila mimi, nilikaribia kusema. Mama yako akaingia na maneno ya masanduku. Yeye hajui lolote bado. Nitamwambia akisharudi kukusindikiza, si kabla, ili asafiri na wewe mpaka Arusha akiwa na furaha yake. Ila ukitaka kumwambia wewe, mwambie, sitakulaumu.

Nasikia mnashuka barabarani, unamtania mama yako kuhusu kikapu cha bibi. Nitakupa barua hii mkononi kabla ya chai, nami nitakwenda kukaa nje kwenye miti ya kahawa. Usije kunitafuta kwa ajili ya kuniondolea aibu. Nenda nayo chumbani, ulale nayo.

Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nitakuwa mlangoni saa kumi na moja, nimeshavaa viatu. Ukinipa begi lako nikubebee, nitalibeba mpaka stendi na sitasema neno njia nzima. Ukimwita wa bodaboda alibebe, nitamfungulia geti.

Baba yako,
Elifuraha